Soma, Umpelekee Mama

Juzi nimekaa kitako sebuleni na chai yangu ya maziwa, natafuta taarifa ya habari, nikabonyeza kwa makosa nikaangukia kipindi cha skuli ya watoto wadogo wa Kiyahudi. Nchi gani sijui, nilikuta kimeshaanza. Mwalimu wao, mzee wa ndevu nyingi, kaweka mbele ya kila mtoto kibao kilichoandikwa herufi kubwa kubwa, akachovya kijiti kwenye asali, akawa anazipaka zile herufi moja moja. Halafu akawaambia, haya, rambeni. Wakaramba! Kitoto kimoja kina mapengo ya mbele kiliramba mpaka pua ikashika asali. Herufi ya kwanza inaitwa alefu, ya pili beti, na watoto wanafuatisha kwa kuimba, huku wanayumba mbele na nyuma. Nikacheka peke yangu. Alifu, be! Nikamwita mume wangu, "Njoo uwaone wenzetu, kumbe na wao chuo chao vivi hivi!" Hakuja, alikuwa na mpira wake kwenye simu.

Nikaendelea kutizama. Wale watoto walifundishwa dua ya kusema kabla ya kumega mkate, na dua nyengine ya kabla ya kula tunda. Walifundishwa kumsimamia mtu mzima akiingia. Kitabu kikianguka kinaokotwa na kubusiwa. Nikawa naitikia kwa kichwa kwa kila moja, maana hayo yote nimeyapitia, na nyinyi wenzangu mliokaa juu ya jamvi la chuoni mnanielewa. Mwisho mtangazaji akaeleza kwamba ile asali hupakwa ili mtoto kila akiona herufi akumbuke utamu. Hapo nikazima televisheni. Kwa sababu mimi pia nililishwa herufi utotoni, na zilikuwa tamu, haki ya Mungu zilikuwa tamu, na utamu ule ule ndio watu wangu walioutumia kunidanganya. Miaka yote hii, na watoto wangu mwenyewe sasa warefu kuliko mimi, bado nikilikumbuka jambo hilo naona hasira. Si huzuni. Hasira.

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa Ibra, nyumbani kwa Bi Thureya. Alizaliwa Unguja, akaja Omani mtu mzima na watoto wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, cha zamani, hakikuchanganyika na kitu. Asubuhi sote tulikwenda skuli ya serikali, tukasoma kwa Kiarabu na kuchekwa kwa Kiarabu, maana "aini" zetu zilitoka mdomoni badala ya kooni. Alasiri tulikwenda kwa Bi Thureya kupumua. Kule hakuna wa kukucheka. Tulikaa kwenye jamvi, wake kwa waume, na tukapiga kelele: alifu hana kitu, be kitone chini, te vitone viwili juu, the vitone vitatu juu! Mimi nilimwonea huruma alifu. Herufi ya kwanza kabisa, ya mbele ya wenzake, hana hata kitone kimoja.

Siku ya kwanza nilipelekwa na mama. Bi Thureya akachukua sahani nyeupe ya kaure, akaandika herufi kwa zafarani, akazisuuza kwa maji ya waridi akanipa kikombe. "Kunywa, mwanangu, ziingie tumboni zikae huko huko." Nikanywa. Yalikuwa matamu, yananukia, na yaliniacha ulimi wa manjano. Kisha nikaogopa kwenda chooni, nisije nikazitoa. Mama alipogundua kwa nini nabana miguu alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka. Yeye hakutoka Unguja, alizaliwa Tabora, watu wake walikuwa na duka huko, na Kiswahili chake kilikuwa na Kiingereza ndani yake. "Fasta, mwanangu, tuko leti!" Bi Thureya alimtania: "Haya, Mnyamwezi wa Kiarabu kaingia! Leti ndiyo nini, Zuwena?" Na mama humjibu, "Leti ni nyinyi watu wa Unguja, mpaka mfike kwenye neno jua limekuchwa." Kila alasiri alinipeleka, na hakurudi nyumbani. Alikaa kizingitini, buibui limemteremka mabegani, anatusikiliza. Yeye mwenyewe kule Tabora hakupata mwalimu wa maana. Nilipokuwa natamka herufi nilimwona anatamka pamoja nami, bila sauti.

Na tulifundishwa mengi, si herufi tu. Kuingia msalani kwa mguu wa kushoto. Kutomruka mtu aliyelala. Kumwambia shikamoo hata usiyempenda. Lakini funzo lililonikaa kuliko yote lilikuwa la uongo. Bi Thureya alituhadithia habari ya mwanamke aliyemwita mtoto wake, njoo nikupe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza ulitaka kumpa nini. Akasema, tende. Akaambiwa, lau usingempa kitu ungeandikiwa uongo. Kisha Bi Thureya akafumba kiganja chake, akaniita mimi, mbele ya wenzangu. "Njoo nikupe." Nikenda. Akafumbua. Mna tende. "Ungekikuta kitupu," akasema, "mimi mzima na mvi zangu ningekuwa mwongo mbele ya Mungu. Mtoto hadanganywi. Mtoto ni mtu." Nilikula ile tende na nikampenda Bi Thureya mapenzi ambayo sijui kama nimempenda mtu mwengine asiye wa damu yangu.

Mama akaanza kuumwa na tumbo. Mwanzo alilala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Kisha ikawa hata wali hali. Kisha baba akampakia kwenye gari kwenda hospitali Maskati, na mama akanambia kupitia dirishani, "Nakuja sasa hivi." Hakuja sasa hivi. Nikamuuliza baba mbona sipelekwi kumwona. Akasema hospitali kubwa hawaruhusu watoto, wana maradhi ya kuambukiza. Nikalia, nikagoma kula. Baba yangu si mtu wa maneno mengi, na mtoto anayelia humbabaisha. Akachutama mbele yangu akasema, "Sikiliza. Wewe soma. Siku ukihitimu juzuu Amma, utakuwa na mama yako."

Nyinyi mnajua juzuu Amma, ile ya mwisho ya msahafu, ambayo mtoto huianzia nyuma, kwenye sura fupi fupi, akapanda mpaka akafika Amma yenyewe. Basi mimi nilipata safari. Kila sura niliiona ni kituo cha barabara ya Maskati. Kul audhu, Tabbat yada, Alamtara, Inna anzalna. Nasoma huku natembea, nasoma huku naoga. Nikichoka hucheza, nikikumbuka hurudi. Wadhuha ilinipendeza nikakaa nayo kwa raha yangu, siku nzima naiimba kando ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea mashamba, nimetumbukiza miguu majini. Sikuwa na wasiwasi. Baba keshasema.

Siku moja nimo darasani, skuli ya serikali, nikaitwa ofisini. Nikamkuta shangazi yangu Salha, dada yake baba, anayekaa Sur. Shangazi hakuwa na desturi ya kuja katikati ya wiki. Macho yake mekundu. "Vumbi la njiani," akasema kabla sijamuuliza. "Haya, twende kwangu, tukatembee." Na skuli je? "Nimeshakuombea ruhusa." Na chuo? Hapo akanigeukia ghafla, akanikumbatia hapo hapo mbele ya mwalimu mkuu, akaninukia udi na jasho. "Chuo kipo tu, mwanangu. Hakikimbii."

Siku zile za Sur, jamani! Kila nilichotaka nilipewa. Nilisema nataka viatu vyenye taa, vile ukikanyaga vinawaka nyuma nyekundu, ambavyo baba alikuwa amekataa katakata kwa sababu ni upuuzi. Shangazi akanunua, wala hakuuliza bei. Nilikula halwa ya moto kutoka kwenye sufuria kwa mtengenezaji. Mume wa shangazi akatupeleka Ras al Hadd, na asubuhi mapema nikamwona kasa mkubwa anajivuta mchangani kurudi baharini, na mimi nikamfuata kwa magoti, namwigiza, mpaka mchanga ukaniingia ndani ya nguo na watu wasiotujua wakacheka. Nilipiga kelele, nilirukaruka, niliota jua likanichoma pua. Baba akapiga simu na nikamsimulia yote bila kupumua, viatu, kasa, halwa. Akasema, "Vizuri. Starehe, mwanangu." Nikamuuliza mama hajambo? "Amepumzika," akasema.

Mara kadhaa nilimkuta shangazi anatoka msalani uso umelowa. Nikadhani watu wa Sur wanatawadha sana.

Zilikuwa siku za furaha kubwa kuliko zote za utoto wangu, na hilo ndilo siwezi kulimeza mpaka leo. Laiti wangenifungia chumbani! Laiti wangenipa kazi ya kuosha vyombo! Lakini wao walinichezesha. Mama yangu anakoshwa, mama yangu anazikwa, wanawake wa Ibra wanaingia na kutoka nyumbani kwetu kwenye matanga, na mimi bintiye peke yangu nimepanda juu ya jiwe ufukweni napiga viatu vyangu vinawaka taa.

Niliporudi nyumbani nikaona mambo yamebadilika kidogo kidogo. Kanga za mama hazipo kwenye kamba. "Zimekwenda kufuliwa," akasema baba. Kitanda kimesogezwa. Wanawake niliowakuta wakizungumza wakakatiza maneno, mmoja akaanza kunisifia nywele. Nasra, binamu yangu mkubwa, binti wa ndugu yake baba, ambaye siku zote alinisumbua na kunivuta masikio, ghafla akawa ananipa biskuti zake. Nikaona haya ndiyo malipo ya kukaribia kuhitimu: watu wameanza kuniheshimu.

Chuoni Bi Thureya alinipakata, mimi msichana mkubwa wa darasa la pili. Akanifungulia msahafu pale nilipoishia, akaniwekea kijiti cha kufuatia mstari mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Soma, umpelekee mama."

Nimpelekee mama! Neno hilo hakuna aliyekuwa amenambia. Kwangu mimi kupeleka ni kupeleka. Unapeleka sahani ya futari kwa jirani, unapeleka salamu Unguja. Kumbe na sura hupelekwa! Nilimwuliza, "Inafika?" Bi Thureya akasema, "Inafika, mwanangu. Inafika moja kwa moja." Nikamwuliza Nasra Maskati iko upande gani, akanionesha kwa kidole kule barabara inakopotelea baina ya milima. Tangu siku ile nikawa nikikaa jamvini najigeuza, wenzangu wote wameelekea kibla na mimi peke yangu nimeelekea barabara ya Maskati, na napaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama, maana njia ni ndefu. Bi Thureya aliniona. Mwanamke yule aliyekuwa akimgeuza mtoto kwa kumshika kichwa akikaa upande, mimi hakunigeuza. Alinitizama tu, akavuta mtandio wake usoni. Kila siku alisema hivyo: soma, umpelekee mama. Kila siku aliniambia kwamba mama yangu amekufa, kwa maneno ambayo kila mtu mzima anayajua, na mimi nikasema ndiyo Bi Thureya, na nikasoma.

Basi nikafika Amma. Na wiki ile ile nikawasikia jikoni wanapanga, "Hitima Ijumaa." "Boko-boko apike nani?" "Thureya ataleta misahafu." Moyo ukaniruka. Hitima! Nilishaiona hitima ya Nasra alipomaliza kusoma: kavishwa nguo ya kijani, kakalishwa katikati, anasoma mbele ya watu, wanamrushia peremende kichwani na kupiga vigelegele. Kiswahili chetu kina neno moja tu hapo. Mtoto akimaliza msahafu ni hitima, na maiti akisomewa msahafu ni hitima. Sikulijua hilo la pili. Nilijua langu.

Na nilijua ahadi. Ukihitimu, utakuwa na mama yako. Maana yake Ijumaa mama anakuja.

Nikamwomba Nasra anipake hina. Akasema, "Sipaki." Mbona? "Sipaki tu, niache!" Akakimbia. Nikajua ana wivu. Nikaenda mwenyewe kwenye kabati la mama, nikatoa kile kikopo chake cha hina, nikakoroga kwa maji na nikajipaka kiganja cha kushoto, na cha kulia kikaharibika. Ijumaa baada ya sala nikavaa gauni langu la Idi, la kijani, nikavaa viatu vyangu vya taa. Hakuna aliyenitizama kwa sababu kila mtu alikuwa na lake. Nikajipaka mafuta ya nywele mengi, yakanichirizika shingoni. Nikafungua mlango wa sebule.

Palikuwa pamejaa wanawake, wamevaa nyeusi, kila mmoja kashika juzuu yake mkononi, wanasoma kwa sauti ya nyuki. Walipouona ule ugreen wangu, kama mama angesema, sauti ikakatika. Mimi nikazunguka, shikamoo huyu, shikamoo yule, viatu vinawaka kila hatua, wanaitikia marahaba kwa tabu. Nikatizama kama mama keshafika. Bado. Nikajisemea Maskati mbali, nianze tu, atanikuta katikati. Nikaenda nikakaa mahali pa Nasra alipokaa siku yake, katikati ya chumba, nikaanza. Amma yatasaalun.

Nilisoma vizuri. Sijisifu, nilisoma vizuri kabisa, kwa "aini" ya kooni ambayo walimu wa serikali walikuwa wakinidai kila siku. Na wanawake wakaanza kulia, mmoja, kisha mwengine, kisha shangazi Salha akafunika uso na kuyumba. Nikasema moyoni, ama kweli nimewafurahisha. Nikazidisha madaha. Hakuna aliyenizuia! Hili ndilo ninalowauliza mpaka leo wale walio hai: mlikuwa wanawake watu wazima, chumba kizima, na hakuna hata mmoja aliyesimama akanishika mkono akanitoa nje.

Nilipomaliza hakuna aliyerusha peremende. Bi Thureya akainua mikono kuomba dua, na sote tukainua. Kwa kuwa wengine waliokuwepo walikuwa na Kiarabu cha vitabu tu, yeye dua yake aliimalizia kwa Kiswahili siku zote. Akasema, "Ewe Mola, thawabu za tulivyosoma tunampelekea marehemu Zuwena binti Said."

Neno marehemu nililijua. Bibi yangu wa Unguja alikuwa marehemu, na babu yangu wa Tabora. Nikashusha mikono. "Bi Thureya, umekosea," nikasema. "Mama si marehemu. Anayehitimu ni mimi."

Jirani yetu mmoja wa Ibra, hakujua Kiswahili, alikuja kwa ujirani tu. Lakini aliliona gauni langu na uso wangu, na akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu asiyeamini, "Hamjamwambia mtoto?" Ndivyo nilivyopata khabari ya kifo cha mama yangu: kutoka kwa mwanamke ambaye sikumjua hata jina, na hakukusudia kunambia mimi.

Sikulia. Nilikwenda mpaka alipokaa Bi Thureya, nikaushika mkono wake wa kulia, na nikaanza kuvikunjua vidole vyake kimoja kimoja. Aliniachia. Kiganja kilikuwa kitupu. "Ulijua?" nikamwuliza. Akasema, "Nilijua, mwanangu." "Tangu nilipokwenda Sur?" "Tangu hapo." Nikamwambia, "Basi wewe mwongo." Wanawake wakashtuka, ah! mtoto anamwambia mwalimu wake! Shangazi akainuka kunikamata. Bi Thureya akamzuia. "Mwache," akasema. "Kasema kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha." Nikampenda tena kidogo kwa neno lile, na kwa sababu hiyo nikamchukia zaidi.

Sikurudi chuoni. Baba hakunilazimisha, wala hakunieleza. Usiku ule alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema kwamba yeye hakusema uongo: alisema ukihitimu utakuwa na mama yako, na mwenye kusoma huwa na wazazi wake peponi. Msitake kujua nilimjibu nini. Miaka ikapita, nikasoma skuli, nikaajiriwa, nikaolewa Nizwa. Bi Thureya akafa na nikamzika kwa adabu zote. Nilisoma, na nilimpelekea. Watu wakadhani yamekwisha.

Baada ya kile kipindi cha televisheni sikulala vizuri. Swali moja ambalo sikuwahi kuliuliza lilinijia, na nikashangaa vipi sikuwahi. Ijumaa nikaendesha gari mpaka Ibra. Baba amezeeka sasa, masikio mazito, lakini akili iko sawa. Nilimkuta barazani anakwangua matope ya falaji kwenye jembe lake. Nikambusu mkono, nikakaa kitako, nikamwambia, "Baba, mama alipokuwa hospitali aliniulizia?"

Akaendelea kukwangua. Nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Kila nikenda."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia unasoma. Nilimwambia ukihitimu, ntakuleta."

Nikamsogelea. "Hospitali ilikataza watoto kweli?"

"Haikukataza," akasema. "Mimi nilikataa. Alikuwa amebadilika, mwanangu. Nywele hana, sauti hana. Sikutaka umwone vile ukabaki nayo sura ile."

"Na yeye? Alitaka nimwone?"

"Alitaka." Akaliweka jembe chini. "Akiniuliza, amefika wapi? Mimi namwambia amefika Wattini. Naye anahesabu kwa vidole, sura gani zimebaki. Wiki ya pili, amefika wapi? Namwambia bado yupo kwenye Wadhuha, ameipenda. Siku ya mwisho nilimwambia umefika Walfajri."

"Akasema nini?"

Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona analia hata wakati ule, akafuta uso kwa kilemba chake. "Akasema, mwambie afanye upesi."

Hakunambia. Mwanamke yule kaomba kitu kimoja, nacho kilikuwa mikononi mwangu, na hakuna aliyenifikishia. Nilikuwa na kichwa chepesi mimi. Nilikuwa nachelewa kwa kucheza tu, kwa kuimba, kwa miguu yangu majini, kwa kuwa niliambiwa yupo na ananingoja. Ningeambiwa fanya upesi, wallahi, ningezimaliza zote siku ile ile.